Utafiti usiishie kabatini
Mwani wa Zanzibar ni ushahidi kwamba utafiti wa chuo kikuu unaweza kulisha kaya. Miaka ya 1970, Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuchunguza mwani wa pwani yetu. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani, na wanawake wengi wakapata kipato cha kwanza kilicho mikononi mwao. Leo bahari imepata joto. Kotonii, aina yenye bei nzuri, hulainika, hugeuka nyeupe na kukatika kwenye kamba, na mkulima hubaki na spinosamu ya bei ya chini. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, akiwemo Dkt. Flower Msuya, walitafuta njia: kuupeleka mwani kwenye maji ya kina, yenye joto la wastani, ndani ya nyavu za mrija ambamo mawimbi hayaung'oi kirahisi. Lakini maji ya kina yanataka boti na kujua kuogelea, na mama aliyezoea kufunga mbegu wakati wa bamvua, maji yakiwa magotini, mara nyingi hana vyote viwili. Hapo ndipo matokeo mazuri hukwama. Basi wanaogharimia utafiti, Serikali ikiwa ya kwanza, watenge tangu siku ya kwanza fungu la boti, nyavu na mafunzo ya kuogelea. Ripoti ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mavuno ya mama huyo.