Lamu Si Ufuo Peke Yake

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, lakini wengi wetu hapa Kagarama bado tunakijua kwa mtihani na kwa soko tu. Ukijaliwa likizo na akiba kidogo, acha kutamani picha za visiwa vya Ugiriki. Nenda Lamu. Tangu Januari 2014 Mnyarwanda huruhusiwa kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, na kutoka Mombasa barabara hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, ambako utapanda boti.

Ila nenda kama raia wa Afrika Mashariki, si kama mnunuzi wa mandhari.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Vichochoro ni vyembamba, na punda ndiye mwenye haki ya kupita kwanza. Ngome iliyokamilika mwaka 1821 ilikuwa gereza hadi 1984. Leo ni makumbusho. Katika kijiji cha Matondoni utaona majahazi yakiundwa na mikeka ikisukwa. Huko ukisikia mzee akisema “ndia” badala ya “njia”, au “mato” badala ya “macho”, usimsahihishe. Hicho ni Kiamu, nacho kilitungiwa tenzi kabla ya Kiswahili sanifu kupata jina.

Kisha kuna Shela, na ufuo wake mrefu ambao kila mgeni huusifu. Mgeni huona mchanga. Mwenyeji huona maji. Vilima vile vya mchanga hupokea mvua, huichuja na kuihifadhi chini ya ardhi, na visima vya hapo ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Anayejenga jumba la kifahari juu ya vilima hivyo, au anayevuta maji mengi mno kwa ajili ya bwawa la kuogelea, huikaribisha chumvi ya bahari katika visima vya jirani zake. Mvutano kuhusu viwanja vya pale ni wa muda mrefu, na kwa maoni yangu mgeni hana haki ya kujifanya haumhusu: fedha zake ndizo zinazoamua nyumba ipi ijengwe.

Wenyeji wenyewe si watazamaji. Ulipoletwa mpango wa kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, upande wa bara, walikata rufaa. Mwezi Juni 2019 baraza la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mradi, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wanafunzi wetu hukariri maneno “ushirikishwaji wa umma” kana kwamba ni msamiati wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Lamu watawakuta watu walioyatumia na kushinda.

Basi chagua nyumba ya kulala wageni inayomilikiwa na mwenyeji, vaa nguo za staha mjini, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Na ukifika Shela, kabla hujavua viatu, mwombe mwenyeji wako akuonyeshe visima.