Tusingoje kilio ili tule pamoja

Alhamisi hii, tarehe 27 mwezi wa kumi na moja 2025, ndugu zetu wengi walioko Marekani watakuwa mapumzikoni. Ni siku ya kushukuru, ambayo huko huangukia kila mwaka Alhamisi ya nne ya mwezi huu. Wenzao wa Canada walikwisha kuiadhimisha mwezi wa kumi. Waamerika watachoma bata mzinga, yule ndege mkubwa ambaye kwetu wengi humwita dindoni. Wacongo wa Louisville, Des Moines, Dallas na Portland nao watamchoma, maana watoto wamesikia habari zake shuleni. Lakini pembeni yake kutakuwa sombe iliyotoka kwenye barafu ya duka la Waafrika, bugali, maharagi, samaki wa kukaanga na sufuria kubwa ya wali. Baada ya ibada au baada ya kula, picha zitaanza kuingia kwenye simu zetu huku Goma, Bukavu, Bunia, Butembo na Uvira.

Maneno yatakayofuata nayajua. Wengine watasema: wao wanakula, sisi tunateseka. Wengine wataandika, «Yaya, umetusahau.» Wachungaji fulani watahubiri Jumapili kwamba hiyo ni mila ya wazungu na haituhusu. Mimi naona jambo lingine katika picha hizo. Naona kitu ambacho familia zetu za mashariki ya Congo zimekipoteza polepole bila hata kukililia: siku ya kukaa na kula pamoja ambapo hakuna aliyekufa, hakuna anayeoa, na hakuna mtu anayezunguka na daftari la michango.

Ndugu msomaji, jaribu kukumbuka. Mara ya mwisho ulipowaona baba wadogo, shangazi, wajomba na watoto wao wote mahali pamoja, ilikuwa wapi? Kwa wengi wetu jibu ni moja: kwenye kilio. Hapo ndipo familia inapojaa. Hema linafungwa barabarani, viti vinakodishwa, mama mkubwa anapanda mashua kutoka Kalehe akiwa na mfuko wa maharagi na mkungu wa ndizi, na tangu anaposhuka hadi siku ya mazishi yuko jikoni kwenye moshi wa makala. Hatupati nafasi ya kumuuliza habari zake. Vijana wanatambulishwa kwa binamu zao mbele ya jeneza: huyu ni mtoto wa baba yako mdogo, yule ni wa shangazi wa Walungu. Wanasalimiana, wanapeana namba za simu, halafu wanaonana tena kwenye kilio kinachofuata.

Ubaya wake hauishii kwenye huzuni. Kila mwandishi wa habari aliyewahi kukaa asubuhi moja mahakamani katika miji yetu ameona ni kesi ngapi zinahusu viwanja na mashamba, na ni ngapi kati yake zinawakutanisha watu wa tumbo moja. Mara nyingi familia ilikaa kuzungumza habari ya kiwanja kwa mara ya kwanza siku ile mwenye karatasi alipokuwa tayari amelala ndani ya sanduku. Watu hawana mazoea ya kukaa pamoja na kusikilizana, halafu tunawataka wagawane nyumba wakiwa na machozi, uchovu na madeni ya mazishi. Sishangai wanapopigana. Ningeshangaa kama wangeelewana.

Harusi nazo? Ndiyo, tunakutana. Lakini siku ya mahari upande mmoja uko vitani na upande mwingine, tunahesabu mbuzi na sanduku za bia, na siku ya harusi yenyewe mtu anaingia kwa karatasi ya mwaliko. Ndugu aliyeshindwa kununua kitenge cha familia anabaki nyumbani kwa haya. Siwezi kuuita huo mkutano wa familia.

Vita vimezidisha hali hiyo. Tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka huu, kisha Bukavu mwezi wa pili, nyumba nyingi zimegawanyika vipande. Baba yuko Kinshasa, mama yuko Goma, mtoto mkubwa yuko Bujumbura, mwingine yuko kambi ya Nakivale kule Uganda. Benki zilipofunga milango, pesa za kutoka nje zikaanza kupitia kwenye simu au kwa mtu anayevuka mpaka kwenda Gisenyi au Cyangugu. Ndugu aliyeko Marekani amegeuka kuwa namba ya kupigia pesa zinapokwisha. Anapoona simu ya nyumbani inaita, kabla ya kupokea anapiga hesabu ana dola ngapi. Sisi nasi tunapoona picha ya meza yake tunahesabu vyakula. Uhusiano wa namna hiyo unachosha pande zote mbili.

Na meza yenyewe haijajaa kama tunavyodhani. Katika mwaka wa bajeti wa 2024, Wacongo ndio walikuwa wengi kupita mataifa mengine yote katika mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi: karibu watu 20,000. Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025 rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango huo. Kulikuwa na watu huko Nakivale, Nyarugusu na kambi nyingine waliokwisha kufanya mahojiano yote na vipimo vya hospitali, wengine wakiwa wameuza godoro na sufuria kwa sababu tarehe ya ndege ilikuwa imetolewa. Wamebaki hapo hapo. Kwa hiyo unapoona picha ya Alhamisi, ujue kuna nyumba kule ambamo mama anapika akifikiri habari ya mtoto wake wa kwanza aliyekwama kambini. Ujue pia kwamba wapo watakaotoka mezani na kwenda moja kwa moja kazini usiku, kwenye kiwanda cha nyama au ghala la mizigo. Pamoja na hayo yote, wamekaa. Hicho ndicho ninachowaonea wivu, si dindoni.

Kuna watakaoniambia kwamba huu si wakati wa karamu, watu wanakufa. Nawajibu kwa historia ya siku yenyewe. Rais Abraham Lincoln alitangaza siku hiyo ya kushukuru mwezi wa kumi 1863, wakati Waamerika wa kaskazini na wa kusini walikuwa wakiuana wao kwa wao. Vita vya Gettysburg, vilivyomwaga damu nyingi, vilikuwa na miezi mitatu tu. Hakungoja amani ipatikane. Sisemi tuchukue hadithi yao yote. Hata kwao haiwapendezi wote: tangu 1970 kuna wazawa wa nchi ile, wale waliokuwako kabla ya wazungu, ambao siku hiyo hukusanyika Plymouth kuomboleza ardhi na watu wao. Kila taifa lina mambo yake. Sisi tuchukue wazo la meza, hadithi tunazo zetu.

Tarehe pia si lazima iwe yao. Huko mwezi wa kumi na moja majani yameanguka na mavuno yamo ghalani. Kwetu Kivu mwezi huu ni mvua, matope na palizi. Mahindi ya msimu A yangali kijani, na maharagi ya kununua sokoni yanauma mfuko. Mwenye shamba hana cha kushukuru bado, labda mvua. Sisi mavuno yetu huja kati ya mwezi wa kwanza na wa pili, kisha tena mwezi wa sita na wa saba kwa msimu B. Jumapili moja mwishoni mwa mwezi wa pili ingefaa kabisa. Maharagi mapya yapo, mahindi ya kuchoma yapo, na viazi vinashuka bei kidogo pale barabara inapokuwa wazi.

Hapo ndipo nafika kanisani, na naomba mapadri na wachungaji wanivumilie. Makanisa yetu mengi tayari yana siku ya mavuno. Waamini wanaleta maharagi, ndizi, mihogo, kuku, mayai, na mara nyingine mbuzi mzima anayelia wakati wa mahubiri. Ni siku nzuri, watoto wanaipenda. Lakini mwisho wake ni nini? Mara nyingi ni mnada. Mbele ya mlango wa kanisa mtu mwenye sauti kubwa anapandisha bei ya kuku hadi mwenye dola amchukue, watu wanapiga makofi, pesa zinaingia kwenye hazina ya mabati au ya ukuta. Mama aliyetoka Bweremana na mkungu wake wa ndizi anautazama unaingia kwenye gari la mtu mwingine. Yeye anarudi nyumbani kwa miguu, na njaa.

Sipingi ujenzi. Kanisa lisilo na mabati linanyeshewa, sote tunajua. Lakini chakula kilichotolewa kwa shukrani kisipoliwa na hata mmoja wa waliokitoa, kinakuwa biashara ya kawaida. Mtume Paulo aliwakemea Wakristo wa Korinto kwa jambo linalofanana na hilo: walikusanyika, wengine wakala na kunywa hadi kupita kiasi, na wengine wakabaki na njaa, ndani ya kusanyiko moja. Hakuwaambia waache kukusanyika. Aliwaambia wangojane. Ningependa kila parokia na kila kanisa litenge sehemu ya mavuno hayo, hata nusu tu, ipikwe siku hiyo hiyo uwanjani na iliwe na wote. Hata yule aliyekuja mikono mitupu, kwa sababu shamba lake liko mahali ambapo haruhusiwi tena kufika.

Ndugu zetu Waislamu wa Kasongo, Kindu na Uvira wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Mwezi wa Ramadani, jua likizama, sahani inavuka kwenda kwa jirani, na siku ya Idi jirani Mkristo naye anapata pilau bila kuulizwa dini yake. Hawapitishi daftari.

Kuna sababu nyingine ya kutaka mambo haya yafanyike kanisani na katani, wala si kwenye vyama vya makabila tu, vile tunavyoviita mutualite. Vyama hivyo vina kazi yake: vinazika, vinasaidia wagonjwa, vinapatanisha. Lakini katika miaka hii ambapo mtu anatazamwa pua na jina kabla ya kusalimiwa, chakula cha kabila peke yake hakitoshi. Wakatoliki wana shirika, lile la jirani kwa jirani. Katika shirika moja la Ndosho utamkuta Munande, Muhunde, Muhutu na Mtutsi wakisali rozari kwenye sebule moja. Kule Kadutu ni Mshi, Mrega, Muhavu na Mbembe. Wanasali pamoja kila wiki na hawajui jikoni mwa mwenzao kunapikwaje. Mtu uliyewahi kula sombe ya mama yake huwezi kuaminishwa kirahisi kwamba ni nyoka. Sisemi haiwezekani, tumeona ya kutosha katika nchi hii. Nasema inakuwa vigumu zaidi, na kila ugumu tunaoweza kuuweka kati ya watu na panga una faida.

Sasa gharama. Nimesikia mara nyingi: «Tuna njaa, tutakutana na nini?» Hofu hiyo inatoka kwenye namna yetu ya kufanya mambo. Tukisema mkutano wa familia, kesho yake kuna komite, rais, makamu wa rais, mweka hazina, grupu ya WhatsApp, kitenge cha rangi moja, fulana zenye picha ya babu, ukumbi wa kukodi na kipaza sauti cha kutupasua masikio. Ndiyo maana watu wanakimbia. Wale wa Marekani wanafanya jambo jepesi zaidi: kila nyumba inakuja na sufuria moja ya kile ilicho nacho. Aliye na lengalenga alete lengalenga. Aliye na sambaza za elfu tano alete hizo hizo. Asiye na kitu achote maji au alete viti. Mwenye pesa nyingi asipike sufuria kumi za kuwaaibisha wengine. Kama mkono wake unamwasha, alipie makala.

Walio mbali wapigiwe simu siku hiyo, na hapa nina ombi moja kwa wenye simu: asiombwe mtu pesa. Siku moja tu. Aulizwe kama amelala vizuri, aonyeshwe bibi anavyokula, asikie kelele za watoto asiowajua. Wa Nakivale wapigiwe kwanza, maana mtandao wa kule husumbua jioni.

Wazee wapewe nafasi ya kusimulia, lakini kabla ya kula, wasije wakatulaza. Wataje mababu, wataje mipaka ya mashamba ya kule kijijini ambako wengi wetu hatujafika kwa miaka, na kijana mmoja aandike. Kitu hicho hakifanyiki kwenye kilio kwa sababu mzee aliyekuwa akijua ndiye anayezikwa.

Na baada ya kula, vijana wanaume waoshe sufuria. Mama mkubwa wa Kalehe akae kwenye kiti, aletewe chai ya maziwa, atuambie safari hii ziwa lilikuwaje.