Kabla ya kununua prosesa ya bei rahisi, hesabu wati

Kuna salongo moja isiyoomba jembe wala fagio. Inaomba kompyuta. Watafiti wana hesabu kubwa ambayo mashine moja ingeifanya kwa maelfu ya miaka. Wanaikata vipande vidogo, wanavituma kwa intaneti kwa watu waliojitolea kila pembe ya dunia, kompyuta ya kila mmoja inahesabu kipande chake na kurudisha jibu. Programu inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni BOINC, iliyotengenezwa kwenye Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley. Ni ya bure, na hata simu ya Android inaweza kuifanyisha kazi.

Msomaji atauliza hayo yanatuhusu nini sisi wa mashariki mwa Kongo. Yanatuhusu zaidi ya tunavyofikiri. Mwezi wa kumi na mbili 2014, World Community Grid ilianzisha pamoja na taasisi ya Scripps ya Marekani mradi wa kutafuta dawa ya Ebola kwa njia hii. Miaka michache baadaye ugonjwa huo huo ukaua watu 2.287 katika Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020. Tuseme ukweli: dawa mbili zilizothibitishwa katika majaribio ya Beni, Butembo, Katwa na Mangina hazikutoka kwenye kompyuta za kujitolea. Lakini utafiti ni kama uvuvi wa ziwani, si kila wavu unarudi na samaki, na wavuvi hawaachi kwenda. Mwaka 2019 ulikuja mradi mwingine, wa Chuo Kikuu cha Delft cha Uholanzi, wa kuhesabu mvua ya Afrika kusini mwa Sahara kwa vipimo vya kilomita moja moja. Mkulima wa Masisi au wa Kabare hahitaji kuelezwa faida ya kujua mvua vizuri.

Basi, kijana wa informatika anayetaka kuingia katika salongo hiyo ana swali moja: ninunue prosesa gani kwa pesa kidogo? Shauri analolikuta haraka ni lile la Ulaya na Amerika: nunua seva kuukuu, iliyotupwa na kampuni kubwa, yenye prosesa mbili za Xeon, kwa sababu hapo unapata viini vingi kwa dola chache. Kiini ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa. Viini kumi na sita, wafanyakazi kumi na sita. Nani angekataa?

Mimi ningekataa. Kwetu hapa, hilo ni shauri baya.

Chukua Xeon E5-2670, iliyotoka 2012 na ambayo bado inazunguka sana kama okazioni. Ina viini 8 na imeandikiwa wati 115. Ukiweka mbili katika seva moja, umefika wati 230 kabla ya kuhesabu feni, memori na diski. Mashine nzima ikiwa kazini, weka wati 300. Mchana na usiku, hizo ni kilowati-saa 7,2 kwa siku, 216 kwa mwezi. Sasa chukua kompyuta ndogo ya mezani yenye Core i5-8500T ya 2018: viini 6, wati 35. Mashine nzima haivuki sana wati 60 ikifanya kazi kwa nguvu, yaani kilowati-saa 43 hivi kwa mwezi. Kwa kazi nyingi ile seva itafanya mara mbili hivi ya kompyuta ndogo, ila inakula kuran mara tano. Mbili ndogo zitafanya kazi ya seva moja kwa wati 120.

Zidisha wewe mwenyewe kwa bei unayolipa nyumbani. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kilowati-saa moja ni senti 20 za dola: seva inakula dola 43 kila mwezi, ndogo inakula chini ya 9. Hata kama seva ulipewa bure, baada ya miezi michache imekwisha kuwa ghali kuliko ile uliyoiona ya bei juu dukani. Na hapo sijasema wale wanaotegemea jenereta. Kuhesabu kwa kujitolea kwa mafuta ya jenereta, kwa maoni yangu, ni kuchoma pesa mchana kweupe. Mtu huyo heri atoe pesa hizo kwenye kituo cha afya cha mtaa wake.

Tena kuna jambo ambalo watu hawalisemi sana. Wakati SETI@home ilipoanza, 1999, wazo lilikuwa kutumia nguvu inayopotea bure: kompyuta imewashwa, mwenyewe amekwenda kunywa chai, basi ifanye kazi. Kompyuta za wakati ule zilikula kuran karibu sawa, ziwe na kazi au zisiwe nayo. Za leo sivyo. Prosesa ya sasa ikikosa kazi inalala, inakula kidogo sana. Ukiipa hesabu inaamka na kula hadi mwisho. Kwa hiyo nguvu ya bure haiko tena. Unachotoa ni umeme, na umeme unalipiwa. Mtu ajue anatoa nini kabla ya kukitoa.

Kwa hiyo jinsi ya kuchagua ni kusoma jina la prosesa vizuri, maana muuzaji atakwambia tu «hii ni i7» na kunyamaza. Baada ya i3, i5 au i7 kuna namba, na tarakimu ya mbele, au mbili za mbele kuanzia kizazi cha kumi, inaonyesha kizazi. i7-2600 ni ya kizazi cha pili, 2011, viini 4, wati 95. Ile i5-8500T niliyoitaja ni ya kizazi cha nane na inaishinda, pamoja na ukubwa wote wa jina la i7. Kizazi cha nane ndicho mpaka ninaoushauri, kwa sababu hapo i5 za mezani zilitoka viini 4 zikawa na 6, na zile za kompyuta za mkononi zikatoka 2 zikawa na 4. Halafu tazama herufi ya mwisho. T ni ya wati chache, 35. Hizo zinakaa ndani ya vile visanduku vidogo kama ThinkCentre Tiny au OptiPlex Micro, vinavyotumia chaja kama ya kompyuta ya mkononi. U ni ya kompyuta ya mkononi, wati 15 mara nyingi. K ni ya wenye kuran nyingi. F haina picha ndani yake. Ukiinunua bila kadi ya picha, utakaa mbele ya kioo cheusi. Upande wa AMD, Ryzen 5 3600 ina viini 6 na wati 65, ni nzuri sana kwa kazi, lakini nayo inadai kadi ya picha.

Kama ni mimi nachagulia klabu ya wanafunzi, ningechukua kompyuta ya mkononi ya okazioni yenye i5-8250U. Sababu ni betri. Mjini kwetu kuran inakwenda na kurudi bila kuaga, na betri ya mashine hiyo inaizuia isizimike ghafla. BOINC ina sehemu ya kuamuru kazi isimame mara mashine inapoingia kwenye betri. Iwekwe hivyo tangu siku ya kwanza. Prosesa ipewe nusu ya viini tu, kwa kuwa kompyuta ya mkononi haikutengenezwa kuchemka mchana na usiku. Na wa Goma wanajua vumbi jeusi la mawe ya volkano linavyoingia kila mahali: feni ifunguliwe na kusafishwa mara kwa mara, la sivyo prosesa itajipunguzia mwendo yenyewe kwa sababu ya joto.

Kuna pia habari ya muda. Kila kipande cha kazi kina siku yake ya mwisho. Mashine inayopata kuran saa nne kwa siku ikichukua kazi nyingi itachelewa, na jibu lililochelewa mara nyingi halina faida, kipande kimekwisha kupewa mwingine. Basi amuru programu iweke akiba ndogo kabisa ya kazi. Hiyo pia inaokoa mega, na kabla ya kuchagua mradi angalia ukubwa wa faili zake, maana mradi kama ule wa mvua unarudisha faili nzito.

Nguvu kubwa ya salongo hii, lakini, haiko nyumbani kwa mtu. Karibu na Luviro, Kivu Kaskazini, Hifadhi ya Virunga ilianza 2020 kutumia umeme wa maji uliokuwa haujapata wateja kwa kuchimba Bitcoin. Watu walibishana, wengine wakasifu. Mimi nachukua jambo moja tu pale: umeme uliokosa mnunuzi uligeuzwa kuwa hesabu, hapa hapa kwetu. Mashine za Bitcoin haziwezi kufanya hesabu za Ebola wala za mvua, zinajua kazi moja tu. Lakini chuo chenye paneli za jua kinakutana na jambo hilo hilo kila mchana wenye jua, betri zikisha kujaa saa nane na nguvu iliyobaki haina pa kwenda. Chumba cha kompyuta ndogo kumi za wati 60 kinahitaji wati 600 saa hizo, na BOINC inakubali kupangiwa saa za kuanza na za kusimama. Asubuhi mashine hizo hizo zinafundishia wanafunzi. Huo ndio mpango ambao wakuu wa vyuo vyetu wangepaswa kuudai kabla ya kupokea shehena ya seva kuukuu wanazopewa kama zawadi, ambazo mwaka wa pili zinafunikwa kitambaa kwa sababu hakuna wa kulipa umeme wake.

Kwa anayenunua wiki hii: kuna kipimo kidogo cha wati kinachochomekwa kwenye priza, na mashine inachomekwa juu yake. Nenda nacho dukani. Washa mashine, iache itulie, soma. Ipe kazi nzito dakika kumi, soma tena. Muuzaji akikataa kuiwasha mbele yako, duka la pili haliko mbali.