Kabla Hatujamlaumu Mwalimu

Kila zinapotufikia habari za mtoto aliyeumizwa shuleni, sisi wazazi hugawanyika makundi mawili. Wako wanaosema mwalimu huyo ni katili, afukuzwe. Wako wanaosema sisi nasi tulichapwa, na mbona tumekuwa watu. Kila kundi hurudi nyumbani limeridhika. Na Jumatatu mtoto huingia darasani, na mwalimu huingia darasani, hali ikiwa ile ile. Tunaandika ukurasa huu kwa sababu lipo swali ambalo hapa Inyonga hatujalijadili vya kutosha: ni nani aliyemfundisha mwalimu wetu namna ya kumlea mtoto mwenye jeraha la moyo?

Majeraha hayo tunayo. Katika wilaya yetu ya Mlele wako watoto wanaoshinda katika mashamba ya tumbaku, na wako wanaolala wakisikiliza mama akipigwa. Wako wajukuu wa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliopokelewa Katumba na Mishamo, ambao wazazi wao waliishi miaka mingi bila kujua kama watabaki au watahamishwa, hata baada ya Serikali kuridhia mwaka 2010 kuwapa uraia watu wapatao 162,000. Hofu ya mzazi hukaa mezani pamoja na watoto, hata kama haitajwi. Na yuko binti. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Katavi, kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Kwa taifa zima walikuwa 27. Hapakuwa na mkoa uliotuzidi.

Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi katika shule ya kawaida. Uamuzi huo ni wa haki, nasi tunauunga mkono bila kigugumizi. Lakini tufikirie asubuhi ya kwanza ya binti huyo. Anaingia na wenzake wanacheka. Pengine mimba ile ilitokana na kulazimishwa, na mtu aliyemlazimisha bado anapita njia ile ile ya shule. Akiitwa ubaoni anaganda. Akiguswa bega anaruka. Mwalimu asiyejua ataandika katika daftari lake kwamba mwanafunzi huyu ni mjeuri au mzito wa kuelewa, na wala hatakuwa amesema uongo kwa kadiri ya macho yake. Maana mtu aliyezoea hatari huwa macho hata mahali pasipo hatari. Akili yake iko kwenye mlango, haiko kwenye hesabu. Mwingine husinzia kutwa nzima kwa sababu usiku hakuthubutu kulala. Mwingine hupigana kabla hajachokozwa.

Kwa watoto wa namna hii fimbo haifundishi neno. Inathibitisha tu lile walilokwisha kuliamini, kwamba mtu mzima ni wa kuogopwa. Kanuni za Serikali zenyewe zinaweka mipaka: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Wasomaji wetu wanajua jinsi mipaka hiyo inavyoheshimiwa. Utafiti wa taifa uliofanyika mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uligundua kwamba zaidi ya nusu ya vijana wa kike na wa kiume walikuwa wamepigwa na mwalimu kwa ngumi, mateke au viboko. Na Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera alifariki dunia baada ya kupigwa kwa tuhuma za wizi wa mkoba.

Hata hivyo hatuko tayari kumtwisha mwalimu mzigo wote. Tumtazame naye. Amepangiwa kazi mbali na kwao, nyumba ni ya kupanga, darasa limejaa hadi mlangoni. Yeye pia alilelewa kwa fimbo. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuambiwa na mtoto siri nzito, na hana wa kumwambia yeye. Tunamtaka awe mlezi, nasi hatujamwuliza hata mara moja kama analala vizuri. Mafunzo yoyote yatakayomtaka abadilike bila kumpa nafasi ya kuutua mzigo wake mwenyewe yatakuwa amri nyingine tu kutoka juu.

Je, mafunzo yanafaa? Tunajibu kwa mifano, mmojawapo ukiwa mchungu. Katika kambi ya Nyarugusu, jirani zetu wa Kigoma, walimu wa shule 27 walihusishwa katika jaribio la kupunguza ukatili. Vikao vilikuwa vifupi, viliendeshwa na walimu wenyewe kwa majuma machache, vikihusu kutawala hasira na kuongoza darasa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 hayakuonyesha kwamba kupigwa kwa wanafunzi kulipungua. Wapo watakaofurahi kusikia hivyo. Sisi tunasoma vingine, kwa kuwa huko Uganda, wilayani Luwero, shule za msingi 42 zilifuatiliwa, na katika zile zilizofanya kazi kwa miezi 18 ikimhusisha mkuu wa shule, walimu wote, wanafunzi na wazazi, ukatili wa kimwili wa watumishi wa shule ulipungua kwa asilimia 42. Hapa kwetu Tanzania pia, katika shule nane za sekondari za Serikali, walimu walikaa siku tano na nusu na wakufunzi waliobobea, wakifanya mazoezi; walipopimwa miezi michache baadaye matumizi ya nguvu yalikuwa yamepungua. Kama yalidumu kwa miaka ni jambo jingine, na ndiyo maana kufuatilia ni muhimu kuliko cheti.

Kwa hiyo tusiridhike na semina ya siku moja yenye soda na picha ya pamoja. Mwalimu anahitaji kujifunza mambo ya kawaida kabisa: kumwita mtoto pembeni badala ya kumwaibisha mbele ya wenzake, kuwaambia watoto mapema siku itakavyokwenda, kwani anayejua kinachofuata hutulia, kusikiliza bila kulazimisha mtoto asimulie yote, na kujua mahali pa kumpeleka, yaani kwa afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au simu 116. Siri ya mtoto isiishie ofisi ya walimu kama hadithi ya mapumziko.

Tunapendekeza Halmashauri ya Walei itoe ukumbi wa parokia kwa walimu wa shule zote, wa dini zote, wakutane mara moja kwa mwezi peke yao, pasipo mkaguzi wala mzazi, wasemezane. Gharama yake ni chai. Na katika mkutano ujao wa wazazi, kabla ya kufika kwenye michango, wajumbe wetu waulize: mwalimu wa malezi na ushauri nasaha ni nani? Alifundishwa siku ngapi, na lini mara ya mwisho? Amepunguziwa vipindi vingapi ili aifanye kazi hiyo? Na akitaka kuzungumza na mtoto, wanakaa wapi ambapo wengine hawawasikii?