Mvinyo Hauwi Bora kwa Kuzeeka Tu

Kwamba mvinyo hunoga kadiri unavyokaa ni imani iliyoenea hata kwa watu wasiokunywa kabisa. Naipinga, kwa sababu humfanya mtu aithamini tarehe iliyoandikwa kwenye chupa kuliko kilichomo ndani yake.

Sehemu kubwa ya mvinyo unaotengenezwa duniani, Ufaransa ikiwemo, hukusudiwa kunywewa ndani ya miaka michache. Mvinyo wa Kifaransa uitwao Beaujolais Nouveau huanza kuuzwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno, na raha yake yote ni harufu mbichi ya matunda. Kuuweka miaka kumi ni kuupoteza.

Lakini mfano huo ni mwepesi mno. Twende Médoc, kaskazini mwa jiji la Bordeaux, ambako watetezi wa uzee wana hoja yenye uzito. Huko kwenye udongo wa changarawe hustawi Cabernet Sauvignon, zabibu yenye punje ndogo na ganda nene. Maganda na kokwa huupa mvinyo tanini nyingi, yaani viambato vinavyoleta ukakasi, na mapipa ya mwaloni ya lita 225 huongeza nyingine. Onja mvinyo mchanga wa Pauillac, mji wa huko huko Médoc: ulimi na ufizi hushikwa na ukakasi, kama umeng'ata ndizi mbichi. Miaka inavyopita ndani ya chupa, tanini hizo hushikamana, sehemu yake hutuama chini kama mashapo, na kinywaji hulainika. Hapo nakubaliana nao kabisa.

Wasichokisema ni gharama ya ulaini huo. Miaka hiyo hiyo inayoondoa ukakasi huondoa pia matunda. Rangi iliyokaribia zambarau hufifia na kugeuka ya tofali ukingoni mwa glasi; harufu ya matunda meusi hupisha mwerezi, tumbaku, ngozi, majani makavu na uyoga. Mimi huzipenda sana harufu hizi. Hata hivyo, haya ni mabadilishano, na mtu mwenye kinywa timamu ana haki ya kupenda kilichotolewa kuliko kilichopokelewa.

Tena mabadilishano hayo yanahitaji mtaji. Mavuno ya Bordeaux ya 1961 yalikuwa na mtaji huo, na ya 1982 pia. Ya 1963 na 1965 hayakuwa nao. Mvinyo wake ulianza ukiwa mwembamba, na hakuna ghala lililoweza kuupa kile ambacho zabibu zenyewe hazikuwa nacho.

Wengine hutaja bei: kama wa zamani si bora, mbona ni ghali? Ni ghali kwa sababu chupa zilizobaki ni chache.

Kinachonishughulisha zaidi ni jinsi macho yanavyouonjea ulimi. Mwaka 2001, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Bordeaux kwa wanafunzi 54 wa utengenezaji mvinyo. Mvinyo mweupe ulitiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Ikiwa rangi tu inaweza kuwayumbisha watu wanaoisomea kazi hii, sioni kwa nini mwaka ulioandikwa kwenye lebo usituyumbishe sisi.

Halafu kuna suala la mahali. Ghala zuri lina giza na ubaridi wa nyuzi 12 hivi, mwaka mzima. Chupa iliyokaa muongo mzima kwenye kabati la sebuleni Dar es Salaam imepikwa na joto, haikukomaa.

Kwa hiyo ukibahatika kupata Pauillac ya miaka 30, isimamishe siku moja kabla ya kuifungua ili mashapo yatuame, imimine taratibu, na usiiache wazi kwa muda mrefu, maana mvinyo wa umri huo huweza kuishiwa nguvu upesi. Mwombe mwenzako aifiche lebo. Kisha chunguza: je, chini ya ngozi na tumbaku bado kuna tunda? Ladha inabaki kinywani baada ya kumeza, au inakatika? Weka kando yake, nayo ikiwa imefichwa, Pauillac ya miaka kumi kutoka shamba lile lile. Ukiichagua hiyo changa, agiza nyingine ya umri wake.