Waraka kwa Wauguzi wa Kisangani: Tupimane Tansio

Kwa wauguzi wenzangu wa Makiso, Tshopo, Kabondo, Mangobo, Kisangani na Lubunga.



Kila asubuhi tunafunga mkono wa mgonjwa, tunabonyeza mpira, tunaandika tansio kwenye fishi yake, kisha chombo kinarudi mezani. Mkono wetu hatuufungi. Muulize muuguzi aliyekesha tansio yake ni ngapi: atakujibu kwamba haumwi kitu. Nasi ndio tunaowafundisha wagonjwa kuwa tansio huua bila kuuma!

Koti jeupe halimkingi mtu na kiharusi. Nchini Marekani, utafiti ulioanza mwaka 1976 uliwafuatilia wanawake wauguzi zaidi ya laki moja. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba kila miaka 5 ya zamu za usiku za kupokezana iliongeza hatari ya kiharusi cha mshipa kuziba kwa takriban asilimia 4. Ni kidogo, lakini wengi wetu tumekesha miaka mingi sana. Wingi wa saa ni mbaya zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalisema kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma, hatari yake ya kiharusi inamzidi mwenye saa 35 hadi 40 kwa asilimia 35. Nani kati yetu hafikishi 55? Mshahara na primu havitoshi, au haviji kabisa, basi mtu akitoka zamu anapanda baiskeli ya toleka moja kwa moja hadi dispansari ya pili, mwingine shambani. Hilo si kosa la muuguzi, na tuendelee kudai haki yetu: baada ya usiku, siku ya kulala.

Lakini tansio haingoji jibu la serikali. Kila idara, wakati wa kupokezana zamu, tupimane. Mtu akae ametulia dakika 5, mkono usawa wa moyo. Ikifika 140 kwa 90, arudie siku nyingine. Ikidumu, amwone daktari, aanze dawa, asiiache kwa sababu anajisikia vizuri. Namba ziandikwe kwenye daftari lake mwenyewe. Siri ya mwenzako ilindwe kama ya mgonjwa.

Dada zangu mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, tansio ikipanda ombeni njia nyingine. Na makayabu tuyaloweke vizuri, maji tuyabadilishe, chumvi ipungue.

Mwenzetu akipinda mdomo, mkono ukilegea au maneno yakimpotea, tusianzie chumba cha maombi tukidhani amerogwa. Wala tusimwekee kidonge chini ya ulimi kuishusha tansio ghafla. Tunajua desturi hiyo ipo, nayo inaweza kuunyima ubongo damu. Tuandike saa dalili hizo za kiharusi zilipoanza, tupime sukari, tusimpe chakula wala kinywaji, tumfikishe hospitali papo hapo. Ikibidi kuvuka mto, mtumbwi utafutwe usiku huohuo.

Wakuu wa idara, nawaomba chombo kimoja cha tansio kibaki chumba cha zamu kuanzia Jumatatu, na ninyi muwe wa kwanza kutoa mkono.

Mwenzenu kazini.