Kazi ya Msimu Katika Nchi ya Theluji
Kijana wa Gisenyi, aliyelelewa kando ya ziwa Kivu kwenye kimo cha mita zipatazo 1,460, akisikia kwamba Zermatt, kijiji mashuhuri cha Uswisi, kiko kwenye mita 1,600 hivi, na kwamba mlima wetu wa Karisimbi, wenye mita 4,507, unaupita mlima Matterhorn wa huko, aghalabu hudhani kwamba safari ya kwenda kufanya kazi huko ni nyepesi, wala si haki kumlaumu. Lakini baridi haitokani na kimo peke yake: huko, Desemba hadi Aprili, siku ya mtumishi wa hoteli huweza kuanza gizani, koleo mkononi, akiondoa theluji mlangoni kabla wageni hawajaamka.

Linalonihuzunisha zaidi ni ghururi ya madalali wa kazi hizo. Uswisi huwapa watu watokao nje ya Umoja wa Ulaya na washirika wake vibali vya idadi maalumu, tena kwa wenye ujuzi hasa. Basi amtozaye kijana ada kwa ahadi ya kuosha vyombo milimani asiaminiwe hata kidogo. Nawasihi wazazi wa wilaya yetu ya Rubavu wasiuze ng'ombe wala shamba kabla ya kuusoma mkataba kwa makini: mshahara, makato ya chumba na chakula, na nauli ya kurejea msimu ukiisha.